Duka la Mtandaoni Kenya: Sheria Inakudai Nini Kuanzia Oda ya Kwanza

Anayeuza magauni kwenye Instagram akiwa sebuleni kwake mtaa wa Umoja, Nairobi, na mwenye tovuti iliyo na kikapu na malipo ya kadi, mbele ya sheria ya Kenya ni kitu kimoja: wote ni wauzaji. Hakuna sheria moja ya "maduka ya mtandaoni" ambayo ukiisoma umemaliza. Wajibu wako umetawanyika katika sheria za majina ya biashara, kodi, ulinzi wa mtumiaji, data, viwango na mazingira, na nyingi kati ya hizo ziliandikwa kwa kufikiria duka lenye mlango. Ndiyo maana wauzaji wadogo wengi hudhani haziwahusu, mpaka siku mteja anaposhtaki au barua ya KRA, mamlaka ya mapato, inapoingia.

Ukizisoma zote pamoja utaona zinaulizia jambo lile lile: maandishi. Ulimwambia nini mteja kabla hajatuma pesa? Ulimpa nini baada ya kutuma? Unaweza kuvionyesha miezi minane baadaye? Duka la mtaani lina kaunta, rafu na majirani walioona. Lako lina soga za WhatsApp, na simu ikiibwa zinakwenda nayo. Kabla ya jambo jingine lolote, washa nakala-hifadhi ya soga za biashara, na uwe na laini ya biashara iliyo tofauti na ile unayopigiwa na shangazi.

Jina, PIN na kibali cha kaunti

Ukiuza kwa majina yako kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, hulazimiki kusajili jina. Ukiongeza neno lolote, iwe "Collections", "Mapambo" au "Electronics", unatakiwa usajili chini ya Sheria ya Kusajili Majina ya Biashara, Sura ya 499. Kazi hiyo hufanyika kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa Huduma ya Usajili wa Biashara (BRS). Andaa majina kadhaa kwa mpangilio wa unavyoyapenda, kitambulisho, PIN ya KRA (namba yako ya mlipakodi), picha ndogo, na maelezo ya mahali biashara ilipo. Gharama ni kama KSh 1,000. Mara nyingi jina hukataliwa kwa kufanana na la mtu mwingine, kwa hiyo usichapishe stika wala kuagiza mifuko yenye nembo kabla cheti hakijatoka.

Cheti cha jina la biashara hakikupi umiliki wa jina hilo kama alama ya biashara. Alama husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, na usajili hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa. Mwenye alama iliyosajiliwa anaweza kukulazimisha uache jina hata kama cheti chako cha BRS ni halali kabisa. Kama jina ndilo linalokuletea wateja, tafuta kwanza kwenye rejista ya KIPI, kisha amua.

Mwenye duka peke yake hutumia PIN yake binafsi. Kampuni huwa na PIN yake. Kosa linaloonekana sana ni mtu kuwa na PIN aliyoichukua wakati wa kutafuta kazi, akaanza kuuza, asiingie iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kuongeza aina ya kodi inayolingana na biashara. KRA inaendelea kumhesabu kama asiye na kipato, na yeye anaendelea kuwasilisha ritani ya sufuri. Ritani ya sufuri iliyowasilishwa na mtu mwenye mauzo ni tamko la uongo.

Kibali cha biashara hutolewa na serikali ya kaunti. Kuuzia nyumbani hakukuondoi moja kwa moja, kwa sababu kaunti huangalia shughuli na mahali bidhaa zinapokaa. Nenda ofisi ya mapato ya kaunti au kwenye mfumo wake wa mtandaoni, ueleze shughuli yako ilivyo: unahifadhi nini, wapi, eneo la ukubwa gani, una wafanyakazi wangapi, na kama wateja huja kuchukua mizigo hapo. Ukijieleza kwa neno "duka" tu utawekwa kwenye daraja la duka lenye milango na ada yake. Ukiuza chakula, huko huko utaulizwa cheti cha afya cha wanaokishika na hati ya usafi wa jengo.

Kodi: gauni moja kwa siku

Chukua duka linalouza gauni moja la KSh 2,800 kila siku ya mwaka. Mauzo yake ni KSh 1,022,000. Gauni moja kwa siku, na tayari duka hilo limevuka KSh 1,000,000, ambako kodi ya mauzo ya jumla, ile inayoitwa TOT, huanzia. Kodi hii humhusu mwenye mauzo yanayozidi KSh 1,000,000 na yasiyozidi KSh 25,000,000 kwa mwaka. Huwasilishwa na kulipwa kila mwezi kwenye iTax, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiwango chake kimebadilishwa zaidi ya mara moja na Sheria za Fedha, kwa hiyo tumia kile kinachoonekana kwenye fomu ya iTax ya mwezi husika, usichukue cha video ya mwaka juzi.

TOT hutozwa kwenye mauzo. Faida haiangaliwi. Hutoi bei ya kununulia, nauli wala matangazo. Mwenye kuuza magauni aliyoyashona mwenyewe anaweza asiumie. Mwenye kuuza simu kwa faida ya asilimia tano huumia sana, na mwezi wa hasara anailipa vile vile. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna kwamba hutaki TOT, uhesabiwe kwa kodi ya mapato ya kila mwaka ambayo hukata gharama. Piga hesabu ya faida yako halisi kabla ya kuchagua, na kumbuka kwamba njia hiyo ya pili inadai risiti za gharama zote.

Aliye chini ya KSh 1,000,000 bado hajasamehewa ritani. Faida yake huingia kwenye ritani ya mwaka, inayofungwa tarehe 30 Juni. Kama huna mshahara mwingine na faida yako haizidi KSh 288,000 kwa mwaka, nafuu ya kila mlipakodi huifuta kodi yote, lakini ritani lazima iingie. Kuchelewa humgharimu mtu binafsi KSh 2,000 au asilimia 5 ya kodi, kile kikubwa zaidi.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni hesabu nyingine, na kuwa kwenye TOT hakukuondoi huku. Mauzo ya bidhaa zinazotozwa VAT yakifika KSh 5,000,000 ndani ya miezi 12, au ukitarajia yatafika, una siku 30 za kujisajili. Kwa mwezi hiyo ni kama KSh 416,700. Msimu wa Desemba huwavusha wengi bila kujua, kwa kuwa wanahesabu Januari hadi Desemba. Hesabu miezi 12 iliyopita kila mwisho wa mwezi.

Siku ya usajili ndiyo siku bei zako zinapotakiwa kupangwa upya. Kiwango cha kawaida ni asilimia 16. Kitu kinachouzwa KSh 2,900 kikiwa na VAT ndani yake ni KSh 2,500 zako na KSh 400 za serikali. Ukijisajili na kuacha bei ile ile ya zamani, hizo 400 zinatoka kwenye faida yako. Ukiongeza VAT mteja akiwa tayari ameona bei, umevunja sheria ya upande wa mtumiaji. Ritani ya VAT nayo ni tarehe 20 kila mwezi, hata mwezi usiouza kitu, na kuchelewa ni KSh 10,000 au asilimia 5 ya kodi, kile kikubwa zaidi.

Weka daftari au jedwali la kompyuta lenye safu hizi: tarehe, msimbo wa M-Pesa wa herufi kumi, bidhaa, bei, nauli ya kupeleka, namba ya ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki), na safu ya mwisho ya maelezo. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuokoa. Pesa zikiingia kwenye till, namba yako ya M-Pesa ya kupokelea malipo, kwa sababu ndugu amekukopesha, au mteja amelipa nauli ya bodaboda uliyoipitisha kama ilivyo, iandike siku hiyo hiyo. KRA ikiuliza kwa nini till ina pesa kuliko ritani, kuthibitisha ni kazi yako. Kumbukumbu hutunzwa miaka 5. Sheria ya Taratibu za Kodi inaruhusu ziwe katika lugha yoyote kati ya lugha rasmi mbili, kwa hiyo daftari la Kiswahili ni halali. Usimwache mtu akuambie vingine.

Ankara ya eTIMS

Risiti ya kitabu cha nakala mbili na ujumbe wa M-Pesa si ankara ya kodi. Tangu tarehe 1 Januari 2024, mnunuzi mfanyabiashara hawezi kuikata gharama kwenye kodi yake bila ankara ya kielektroniki. Kwa hiyo ofisi iliyonunua kwako masanduku 20 ya zawadi itakudai ankara, na usipoitoa itahamia kwa mwingine.

Huhitaji kununua mashine. KRA ina eTIMS ya bure kwa simu, kwa kompyuta, na kwa kupiga *222#. Unapoandika ankara, weka PIN ya mnunuzi kama ataitumia kwa kodi. Ukiisahau, kwake haina faida, na atarudi kwako mwezi wa Juni akiwa na haraka. Bidhaa ikirudi, usijaribu kuifuta ankara. Toa noti ya krediti inayotaja ankara ile ya kwanza. Asiyefanya hivyo huendelea kulipa kodi ya gauni lililorudi kabatini.

Kabla mteja hajalipa

Hapa ndipo maduka mengi ya Instagram na TikTok huanguka, na ndipo kazi ni rahisi kuliko zote. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina vifungu maalumu vya mikataba ya intaneti. Vinakutaka mambo matatu: umpe mteja maelezo muhimu kabla ya makubaliano, kwa namna anayoweza kuyahifadhi, umpe nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha kosa mara tu kabla ya kufunga biashara, na umpe nakala ya makubaliano kwa maandishi.

Tovuti yenye ukurasa wa kuhakiki oda hufanya hayo kama imepangwa vizuri. Kwenye WhatsApp, ujumbe mmoja unatosha. Uhifadhi kama jibu la haraka, ujaze tu:

"Oda yako: gauni la kitenge, mikono mirefu, saizi 14, rangi ya bluu, moja. Bei KSh 2,800. Kutuma Kisumu kwa basi KSh 350. Jumla KSh 3,150, hakuna malipo mengine. Linatoka Nairobi Jumanne, utalichukua ofisi ya basi Kisumu Jumatano kabla ya saa kumi jioni. Likifika na kasoro au likiwa tofauti na hili, nijulishe upate jingine au pesa zako, na nauli ya kurudisha ni yangu. Saizi ikikukataa tunabadilisha mara moja ndani ya siku 5, nauli ni yako. Tafadhali soma, kama kuna cha kusahihisha sema sasa, kama ni sawa jibu NDIYO kisha ulipe."

Chini yake weka jina la biashara lililosajiliwa, mahali ulipo na namba ya simu inayoshikwa. Hilo neno NDIYO lina uzito: linaonyesha mteja alipewa nafasi ya kusahihisha, akaridhia. Pesa zikiingia, tuma ankara na urudie oda kwenye ujumbe huo huo. Hiyo ndiyo nakala yake.

Ukiruka hatua hizi sheria inampa mteja njia ya kutoka. Kama hakupewa maelezo au nafasi ya kusahihisha, anaweza kuvunja makubaliano kuanzia siku yalipofanyika mpaka siku 7 baada ya kupata nakala. Kama hakupewa nakala kabisa, ana siku 30 tangu makubaliano. Watu wengi huamini kwamba kila anayenunua mtandaoni Kenya ana siku 7 za kubadili mawazo bila sababu. Sivyo sheria inavyosema. Zile siku 7 zinafunguliwa na uzembe wa muuzaji, na ujumbe ulio hapo juu ndio unaozifunga.

Mizigo ya kuagiza kutoka China au Dubai ina hatari yake. Ukisema "wiki tatu" na meli ikachelewa, hesabu inaanzia siku uliyoitaja: zikipita siku 30 mzigo haujafika, mteja anaweza kujitoa na kudai pesa zote. Usipotaja siku, hesabu inaanzia siku ya makubaliano. Taja tarehe yenye nafasi, na ikibidi isogezwe, omba ridhaa ya mteja kwa maandishi kabla tarehe ya kwanza haijapita. Pesa ya mzigo ambao haujafika usiitumie kulipia mzigo wa mtu mwingine. Biashara nyingi za kuagiza hufia hapo, na wenye kuumia ni wateja waliolipa mwisho.

Bei iwe wazi. "Njoo DM" humnyima mteja maelezo ambayo sheria inataka ayapate, na humfanya ashuku kwamba kila mtu anauziwa bei yake. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bei, ubora na asili ya bidhaa, na inakataza kumtoza mteja ada ambazo hakujulishwa. Punguzo la "ilikuwa 4,000 sasa 2,800" liwe kweli: iwe umewahi kuiuza 4,000, na uweze kuonyesha ankara. Malalamiko ya namna hiyo hufika Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Mzigo ukirudi

Maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yamebandikwa kwenye kurasa nyingi mno. Kwa kitu chenye kasoro hayana nguvu. Sheria ya 2012 inamwekea mteja dhamana ya kwamba bidhaa ni ya ubora unaofaa kuuzwa, na inasema haki zake haziondolewi kwa makubaliano. Hata mteja akikubali sharti lako kwa maandishi, mahakamani sharti hilo halitakusaidia.

Tenganisha marejesho ya namna tatu. Kitu chenye kasoro au kisicholingana na maelezo ni juu yako: badilisha au rudisha pesa, pamoja na nauli. Kitu kilichoharibika njiani mara nyingi nacho utakibeba, kwa kuwa mteja alilipa afikishiwe kizima. Piga picha mzigo ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, na umwombe dereva au ofisi ya basi risiti yenye namba ili uweze kumdai msafirishaji. Cha tatu ni mteja aliyebadili mawazo au aliyekosea saizi mwenyewe. Hapa masharti yako ndiyo yanayotawala, mradi aliyaona kabla ya kulipa. Mtu akilalamika kwamba gauni halimkai, mwombe picha ya lebo ya saizi na uilinganishe na oda. Ugomvi mwingi unaishia hapo.

Wauza mitumba wasome sehemu hii mara mbili. Sokoni Gikomba mnunuzi hushika nguo, huigeuza, huipeleka mwangani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, haimpi mnunuzi kilio juu ya kasoro ambayo angeiona kwa kuichunguza, kama alipata kuichunguza. Mteja wa mtandaoni hakushika chochote. Anategemea picha na maneno yako, na bidhaa inapouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Zipu iliyokwama, doa la kwapani, kifungo kilichobadilishwa: piga picha ya karibu, kwa mwanga wa mchana bila kichujio cha rangi, uandike kwa maneno. Ukishaionyesha kasoro, umeuza kitu pamoja na kasoro yake. Ukiificha nyuma ya pozi zuri, imekuwa deni lako.

Pesa zirudi kwa namba ile ile iliyolipa, zikitoka kwenye laini ya biashara, na msimbo wa kurudisha uandikwe kwenye safu ya maelezo karibu na msimbo wa kulipa. Anayekuomba urudishe kwa "namba ya dada yangu" huenda si mteja wako kabisa.

Majina, namba na picha za wateja

Jina, namba ya simu, mtaa na lango la nyumba ni data binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Usajili katika Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data (ODPC) haumlazimu mwenye mauzo yaliyo chini ya KSh 5,000,000 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, isipokuwa shughuli yake iko kwenye orodha ya zile ambazo lazima zisajiliwe hata zikiwa ndogo, kama huduma za afya na biashara ya matangazo ya moja kwa moja. Ada ya biashara ndogo ni KSh 4,000, cheti hudumu miezi 24, na kuhuisha ni KSh 2,000.

Kutosajiliwa si kusamehewa sheria. Mambo manne huwafika wadogo. La kwanza ni picha. Mteja akikutumia picha akiwa amevaa gauni lako, amekutumia wewe. Hajakuruhusu kuiweka kwenye ukurasa. Mwombe, na uhifadhi jibu lake. Septemba 2023 ODPC iliitoza klabu moja ya burudani Nairobi KSh 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa. La pili ni picha ya skrini ya "shuhuda" yenye jina na namba: zifute kwanza. La tatu ni ujumbe wa matangazo. Aliyenunua mara moja hajajiandikisha kwa matangazo yako milele. Mwambie unapochukua namba kwamba utaitumia hivyo, na kila ujumbe uwe na njia rahisi ya bure ya kujiondoa, kama "jibu ACHA". Akijibu ACHA, mtoe siku hiyo. Kundi la WhatsApp ni baya zaidi, kwa kuwa linaanika namba ya kila mteja kwa wengine wote. Tumia orodha ya matangazo, ambayo kila mtu hupokea peke yake.

La nne ni mwendesha bodaboda. Mpe jina, namba na mahali pa mzigo mmoja, si karatasi yenye orodha ya wateja 15 wa siku nzima. Mkubaliane kwamba hatawapigia baada ya kazi. Malalamiko ya wanawake kufuatwa kwa ujumbe na aliyewaletea mzigo ni ya kweli na ya kuumiza, na aliyempa namba ni wewe.

Ukurasani weka maelezo mafupi ya faragha: unachukua nini, kwa nini, unampa nani, unakitunza muda gani, na mtu aandike wapi akitaka kuona au kufuta taarifa zake. Mteja akiomba kuona ulichonacho, una siku 7 za kumjibu. Simu au akaunti yenye taarifa zao ikiibwa na kuna hatari ya kweli ya wao kudhurika, ODPC ijulishwe ndani ya saa 72, na wateja wenyewe waambiwe. Kufunga simu ya biashara kwa nywila na uthibitisho wa hatua mbili ni kazi ya dakika tano.

Bidhaa zenyewe, na unachozifungia

Viatu na mikoba vinavyoandikwa "first copy" au "AAA" ni bidhaa ghushi chini ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008. Kuandika wazi kwamba ni kopi hakukulindi, umejiandikia ushahidi. Kosa la kwanza linaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 5, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa hizo.

Chakula, vipodozi na vifaa vya umeme vinahitaji alama ya KEBS, shirika la viwango, au stika ya bidhaa zilizoingizwa nchini. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku. Dawa, hata za kupunguza unene, ni eneo la Bodi ya Dawa na Sumu, na bila leseni yake usiziguse. Mwombe msambazaji nakala ya cheti kabla ya kununua jumla, na uiweke pamoja na ankara yake, kwa sababu mkaguzi huanza na aliyeshika bidhaa. Picha nazo zina mwenyewe: kuchukua picha ya duka jingine na kufuta nembo yake ni kuvunja hakimiliki, na pia ni kumwonyesha mteja kitu ambacho huenda huna.

Mfuko unaofungia mzigo usisahaulike. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea na ile bapa imepigwa marufuku nchini. Adhabu ni faini ya KSh 2,000,000 hadi 4,000,000, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Karatasi nene, katoni, au mfuko wa kitambaa ndiyo njia. Kwa safari ya basi wakati wa mvua, karatasi mbili na utepe unaopita kwenye viungo vyote huzuia maji vya kutosha.

Ukimwajiri wa kufunga mizigo

Kazi ya miezi 3 au zaidi inadai mkataba wa maandishi. Kila mwezi, kufikia tarehe 9, makato ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 ya mshahara (isipungue KSh 300), na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 yalipwe. Kwenye ushuru wa nyumba na NSSF na wewe mwajiri unaongeza sehemu yako. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, huanza kuuma mshahara unaobaki baada ya makato hayo ukizidi KSh 24,000. Kumwita "msaidizi tu" au binamu hakubadilishi hesabu kama anakuja kila siku na unamlipa kila mwezi.

Mteja akisema atakushtaki

Huenda akafanya kweli, na siku hizi haimgharimu sana. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, wahusika wanaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Usimzuie mteja kwenye WhatsApp. Ukimzuia unapoteza nafasi ya kumaliza jambo, na bado soga zote anazo yeye.

Jibu kwa maandishi siku hiyo hiyo, utaje namba ya oda, useme utafanya nini na lini. Kisha kusanya: ujumbe wa oda wenye NDIYO yake, msimbo wa M-Pesa, ankara ya eTIMS, picha za mzigo ukifungwa, risiti ya basi, na mazungumzo yote tangu mwanzo. Toa soga kwa kipengele cha kuhamisha mazungumzo ili tarehe na saa zionekane, usipeleke picha za skrini zilizokatwa. Kama ukizipanga na kuona kwamba kosa ni lako, lipa kabla hati ya mahakama haijakufikia, upate kwake ujumbe kwamba amepokea na hana dai jingine, kisha toa noti ya krediti.